Gari linatetemeka na kutoa moshi? Kagua EGR kabla ya kufungua injini

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA wa nyanya anayepakia matenga 80 kwenye Canter pale Ilula, mkoani Iringa, hana muda wa kubahatisha. Kutoka hapo hadi Soko la Ilala jijini Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilometa 400, na nyanya zilizoiva hazimsubiri mtu. Injini ikianza kutetemeka kwenye foleni ya mizani, gari likakosa nguvu na kutapika moshi mweusi kila linapopanda mlima, kila saa inayotumika gereji inakula faida ya mzigo.

Kinachofuata wengi wanakijua. Fundi wa kwanza anasema ni nozeli. Zinafunguliwa, zinasafishwa, zinarudishwa, na gari linatetemeka vile vile. Fundi wa pili anasema ni pampu, inashushwa na kupelekwa kupimwa. Wa tatu anatikisa kichwa na kutamka neno ambalo mwenye gari hataki kulisikia, ovahoo. Hadi kufikia hapo fedha ya mbolea ya msimu ujao imekwisha, na huenda hakuna fundi hata mmoja aliyegusa kifaa chenye ukubwa wa ngumi kilichofungwa kati ya manifodi ya moshi na manifodi ya hewa.

Kifaa hicho ni valvu ya kurudisha moshi, ambayo gereji nyingi huitaja kwa herufi zake tatu tu, EGR. Ikikwama kwa masizi, huweza kuleta dalili zinazofanana kabisa na za nozeli mbovu, plagi iliyochoka au injini iliyokwisha. Tofauti ni kwamba mara nyingi dawa yake ni spana mbili, brashi, kopo la dawa ya kusafishia kabureta na gasketi mpya.

Makala haya hayasemi kwamba kila gari linalotetemeka lina ugonjwa wa EGR. Yanasema kwamba kipimo cha EGR ni cha bei ndogo na kinachukua muda mfupi, kwa hiyo kinastahili kutangulia mbele ya vipimo vya gharama kubwa. Fundi anayeanza na ovahoo anafanana na mganga anayempasua mgonjwa kabla ya kumuuliza anaumwa wapi.

Moshi unarudishwa ili iweje?

Wapo madereva wanaoshangaa kusikia kwamba gari zima limetengenezwa kuvuta moshi wake lenyewe. Sababu yake iko kwenye hewa tunayovuta. Takribani asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni na asilimia 21 ni oksijeni. Katika joto la kawaida gesi hizi mbili zinakaa pamoja bila kugombana. Moto ndani ya silinda unapokuwa mkali mno, zinaungana na kutoa oksaidi za naitrojeni, gesi zinazochoma mapafu na kuchangia ule ukungu mchafu unaofunika miji mikubwa.

Wahandisi waligundua kwamba moshi uliokwisha kuungua, ambao umebaki na oksijeni kidogo, ukirudishwa kwa kiasi ndani ya silinda unachukua nafasi ya sehemu ya hewa safi na kunyonya joto. Moto unapoa na gesi hizo zinapungua. Baada ya Marekani kupitisha Sheria ya Hewa Safi ya 1970, magari yenye valvu hii yalianza kuonekana huko mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970.

Kwa mkulima wa Afrika Mashariki, habari kubwa zaidi ni ya Japani, kwa kuwa huko ndiko yanakotoka magari mengi ya mtumba tunayoyatumia. Mwaka 1992 Japani ilipitisha sheria ya kupunguza oksaidi za naitrojeni zinazotoka kwenye magari ndani ya maeneo ya miji yake mikubwa, na mwaka 2001 ikaipanua ili iguse na masizi ya dizeli. Oktoba 2003 jiji la Tokyo na mikoa jirani lilianza kuzuia magari ya dizeli yasiyotimiza kiwango cha masizi yasiingie barabarani. Watengenezaji walijibu kwa kufunga EGR kwenye pikapu, mabasi madogo na malori mepesi. Magari hayo hayo ndiyo yaliyopanda meli kuja Dar es Salaam na Mombasa.

Si kila gari linayo. Pikapu mbili za jina moja na injini ya aina moja zinaweza kutofautiana, moja ina valvu na nyingine ina kipande cha chuma tu mahali pake, kulingana na nchi iliyokusudiwa wakati linatengenezwa. Toyota zenye injini za dizeli za 1KZ, 1KD na 2KD zilizotoka soko la Japani kwa kawaida zinayo. Kwa upande wa petroli, injini ndogo kama 1NZ-FE iliyomo kwenye Vitz na IST za zamani haina valvu ya nje ya namna hii, kwa sababu mfumo wake wa VVT-i unapanga muda wa valvu za injini kiasi kwamba moshi kidogo unabaki wenyewe ndani ya silinda. Mwenye gari la aina hiyo akiambiwa na fundi kwamba EGR yake imeharibika, amwombe amwonyeshe ilipo.

Kuitafuta si kazi ngumu. Fuata bomba la chuma linalotoka upande wa ekzosi likielekea upande wa hewa. Mwisho wake utakuta kitu cha chuma, ama chenye kofia ya mviringo mfano wa uyoga na mpira mwembamba juu yake, ama chenye kiboksi cha plastiki na waya. Ule wa kwanza unaendeshwa na vakyumu, wa pili kwa umeme.

Dalili za petroli na za dizeli hazilingani

Hapa ndipo mafundi wengi wanapopotea, kwa kuwa huchukua waliyoyaona kwenye Noah ya petroli na kuyahamishia kwenye Hiace ya dizeli.

Kwenye injini ya petroli valvu hii inatakiwa kuwa imefungwa kabisa injini ikiwa baridi, na ikiwa sailensi, yaani inanguruma bila mguu kuwepo kwenye mafuta. Wakati huo hewa inayoingia ni kidogo sana. Moshi ukiingia, moto unakosa pumzi. Ndiyo maana valvu ikikwama wazi, gari linatetemeka likiwa limesimama, linazimika kwenye taa au kwenye tuta, na asubuhi linawaka kwa shida. Ukikanyaga mafuta na gari likashika mwendo, utadhani limepona, kwani sasa hewa ni nyingi na moshi ule mdogo hausumbui tena.

Valvu hiyo hiyo ikikwama ikiwa imefungwa, au njia zake zikiziba, sailensi itakuwa safi kama maji ya mtungi. Tatizo litajitokeza kwenye mlima. Dereva anayerudi kutoka Dar es Salaam na bidhaa za duka, akianza kupanda Kitonga, atasikia injini inagonga kwa sauti ya misumari inayotikiswa ndani ya kopo. Moto umekuwa mkali kupita kiasi na petroli inalipuka kabla ya wakati wake. Wengi hudhani mafuta yamechakachuliwa, na kweli inawezekana, lakini EGR nayo ichunguzwe. Kugonga kukiachwa kuendelea, pistoni zinaumia.

Dizeli ina tabia yake. Injini ya dizeli huvuta hewa nyingi hata ikiwa sailensi, hivyo huvumilia moshi mwingi zaidi, na kwenye magari mengi valvu hufunguliwa kwa makusudi injini ikiwa ya moto na mzigo ukiwa mdogo. Ikikwama wazi, gari halizimiki mara moja kama la petroli. Litakosa nguvu, litachelewa kuitikia mguu, litatoa moshi mweusi unapolikanyagia likiwa na mzigo, na litakunywa dizeli kuliko lilivyozoea. Likiwa baridi linaweza kutetemeka vibaya kwa dakika kadhaa. Ikikwama ikiwa imefungwa, dereva wa dizeli kwa kawaida hasikii chochote.

Anza na vya bure

Kabla ya kushika EGR, ondoa kwanza mashaka mengine. Eakilina iliyojaa vumbi la barabara ya shambani inatoa moshi mweusi bila msaada wa valvu yoyote. Ifungue, ipige mwanga wa jua upande wa pili, uone kama mwanga unapita. Angalia chujio la dizeli. Angalia mipira yote ya vakyumu na ile mikubwa ya turbo, kwani mpira uliopasuka kwenye injini ya petroli unaleta mtetemeko wa sailensi unaofanana mno na wa EGR iliyokwama wazi. Sikiliza kama kuna mlio wa kufyonza hewa.

Kisha jiulize mtetemeko unatokea lini. Ikiwa injini inamisi muda wote, sailensi na mwendoni, na inaruka kwa mpigo uleule kama mtu anayechechemea, hiyo inaelekea kuwa silinda moja haifanyi kazi. Tafuta plagi, koili, nozeli au kompresheni. Kwenye dizeli za zamani zenye pampu ya kawaida, fundi hulegeza nati ya bomba la nozeli moja baada ya nyingine injini ikinguruma. Ile ambayo ukiilegeza mlio haubadiliki ndiyo yenye hitilafu. Lakini kipimo hicho ni marufuku kabisa kwenye injini za kisasa za D-4D na nyingine za namna hiyo. Mabomba yake yanabeba dizeli yenye mgandamizo unaozidi mara 1,000 ule wa hewa ya kawaida, na mchirizi wake unaweza kupenya ngozi ya mkono. Fundi anayetaka kulegeza mabomba ya gari la aina hiyo likiwa linawaka, mwondolee spana.

Ikiwa mtetemeko ni wa injini nzima, hauna mpigo maalumu, na unapungua unapokanyaga mafuta, sasa EGR imejileta yenyewe.

Vipimo vinne vya gereji ya kawaida

Kipimo cha kwanza ni cha saa ya kuwasha. Kwa gari la petroli, liache lilale usiku kucha na uliwashe asubuhi. Kwa kuwa valvu haitakiwi kufunguka injini ikiwa baridi, gari likitetemeka tangu sekunde za mwanzo valvu yenyewe inaelekea haijafunga. Likiwa tulivu asubuhi na kuanza kutetemeka linapopata moto, inawezekana valvu ni nzima lakini inaamriwa kufunguka wakati usio wake.

Kipimo cha pili kinatofautisha mambo hayo mawili kwa valvu ya vakyumu. Chomoa mpira mwembamba wa vakyumu juu ya valvu na uzibe ncha ya mpira huo kwa kidole au kwa skrubu. Mtetemeko ukiisha, usinunue valvu. Kosa liko kwenye mipira iliyofungwa kinyume, au kwenye kile kifaa cha umeme kinachoruhusu vakyumu. Jambo hili ni la kawaida sana baada ya gari kutoka kufunguliwa hedi, mafundi wanaporudisha mipira kwa kukisia. Mtetemeko usipoisha, valvu imekwama au imeng'ata kipande cha masizi.

Kipimo cha tatu ni kinyume chake, yaani kuifungua valvu kwa makusudi. Injini ikiwa ya moto na sailensi, fundi anavuta vakyumu kwa pampu ya mkono kupitia tundu la valvu, au kwa kipande cha mpira safi mdomoni kama pampu hakuna. Kwenye injini ya petroli, valvu inapofunguka injini lazima iteteme au izimike. Ikikaa kimya kama hakuna kilichotokea, ama mpira wa ndani umetoboka, ama njia za moshi zimeziba kwa masizi. Ipo aina moja ya valvu za petroli ambayo haikubali kushika vakyumu mpaka kuwe na msukumo wa moshi, hivyo fundi aijue aina anayoishughulikia kabla ya kutoa hukumu. Kwenye dizeli mabadiliko ni madogo. Sikiliza mlio uwe mzito kidogo, na uangalie kwa macho kama kijiti cha valvu kinapanda na kushuka.

Kipimo cha nne ndicho ninachokiamini kuliko vyote, kwa kuwa hakimtegemei fundi kusikia vizuri. Injini ikiwa imepoa, legeza valvu na uingize kipande cha bati la chuma kisicho na tundu kati ya valvu na mahali inapokaa, kisha kaza. Bati la alumini la kopo la soda halifai kwa upande wa moshi kwani joto litalichoma. Washa gari ukaliendeshe. Kama mtetemeko, moshi mweusi na uzito vimeondoka, umepata mgonjwa wako. Kama hakuna kilichobadilika, EGR haina hatia, toa bati na urudi kwenye nozeli ukiwa na moyo mweupe. Kazi yote haizidi saa moja au mbili kwenye magari mengi, isipokuwa yale ambayo valvu imejificha nyuma ya injini.

Kwa valvu za umeme, mashine ya kusomea kompyuta ya gari inasaidia. Namba P0401 inamaanisha moshi unaorudi ni mdogo kuliko ulioamriwa, na P0402 ni mwingi kuliko ulioamriwa. P0403 inahusu waya na umeme wa valvu. Baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya Wajapani wenyewe hayasomeki vizuri kwenye vimashine vya bei rahisi, kwa hiyo kutoonekana kwa namba si ushahidi wa afya. Na hata namba ikionekana, isikutume dukani. P0401 mara nyingi huletwa na njia iliyoziba, na mtu akifunga valvu mpya juu ya njia iliyoziba namba itarudi ile ile.

Kusafisha bila kuharibu

Ndani ya valvu iliyokwama utakuta uji mweusi ulioganda mfano wa lami. Ni masizi ya ekzosi yaliyochanganyika na mvuke wa oili unaotoka kwenye injini. Kwenye manifodi ya hewa ya dizeli iliyotembea miaka mingi, uji huo unaweza kuwa umepunguza tundu la hewa hadi nusu. Hivyo anayesafisha valvu na kuiacha manifodi amefagia mlango na kuacha chumba.

Valvu ifunguliwe injini ikiwa baridi. Boliti zake huwa zimeshika kutu, zipuliziwe dawa ya kulegeza na kusubiriwa, maana boliti ikikatikia ndani ya manifodi utalipa zaidi ya bei ya kazi yote. Dawa ya kabureta, brashi na kijiti cha mti vinatosha. Usilowanishe kofia yenye mpira wa vakyumu wala kiboksi cha umeme. Usisukume kijiti cha valvu ya umeme kwa bisibisi, gia zake ndogo za ndani zinavunjika. Ziba tundu la manifodi kwa kitambaa safi wakati wa kukwangua, ili vipande vigumu visidondokee kwenye silinda, na ukumbuke kukitoa kitambaa hicho.

Kwa dizeli kuna hatari moja ambayo haisemwi vya kutosha. Dawa ya kusafishia ni mafuta yanayowaka. Ikibaki ndani ya manifodi na gari likawashwa, injini inaweza kuivuta na kupanda mbio bila kukanyagwa, na kwa dizeli kuzima ufunguo hakutasaidia, kwa kuwa haiitaji umeme kuunguza kilichokwisha kuingia. Acha kila kitu kikauke. Funga gasketi mpya.

Sehemu ya uso ambapo valvu inakaa ikaguliwe baada ya kusafishwa. Mimina petroli kidogo juu yake ikiwa imefungwa, mbali na moto, uone kama inavuja upande wa pili. Ikipita kwa kasi, valvu imelika na kusafisha kumefika mwisho wake.

Valvu ikirudia kuziba baada ya miezi michache, usiilaumu. Tafuta anayeilisha. Nozeli inayodondosha, turbo inayovujisha oili, pistoni zilizolegea, eakilina chafu, na gari linaloachwa likinguruma saa nzima sokoni likisubiri mzigo, wote hao ni wazalishaji wa masizi. Gari linalozunguka vijijini kwa mwendo wa konokono kila siku huziba mapema kuliko lile la barabara kuu.

Kuziba moja kwa moja?

Ukienda gereji tatu, mbili zitakushauri uache lile bati humo humo na uisahau EGR. Ushauri huo una mvuto, na kwa dizeli ya zamani yenye valvu ya vakyumu ni kweli gari litatembea, moshi mweusi utapungua na manifodi itakaa safi. Anayelipa ni mtu mwingine, yaani mama anayeuza mboga pembeni ya barabara, kwa kuwa zile gesi zisizoonekana zinazochoma mapafu zinaongezeka.

Kwa gari la petroli bei hiyo unailipa wewe mwenyewe, kwa kuwa EGR ilihesabiwa wakati wa kupanga muda wa cheche. Ukiiziba, kule kugonga mlimani kunaweza kuanza. Kwa dizeli zinazoongozwa na kompyuta, taa ya injini itawaka na baadhi zitajipunguzia nguvu zenyewe. Malori mepesi ya karibuni kutoka Japani yana pia chujio la masizi kwenye ekzosi, na kompyuta yake inategemea EGR, chujio na sensa zote zisemezane. Kuziba kimoja huko ni kukaribisha matatizo ya gharama kubwa kuliko valvu. Kwa maoni yangu bati ni kipimo, au ni njia ya kufikisha mzigo sokoni leo ili kesho gari litengenezwe.

Maji ya rejeta yanapopungua bila kuvuja

Kwenye dizeli nyingi za kisasa, moshi hupozwa kwanza kwa maji ya rejeta kabla ya kurudi kwenye injini. Kifaa cha kupozea kikipasuka ndani, maji yanaingia kwenye njia ya hewa au ya moshi. Mwenye gari anaona maji yanapungua, chini hakuna tone, na asubuhi gari linatoa moshi mweupe huku likitetemeka. Dalili hizi zinafanana na za gasketi ya hedi iliyoungua kiasi kwamba hedi nyingi zimefunguliwa bila sababu.

Kabla ya kukubali hedi ifunguliwe, taka kifaa hicho kitolewe, kizibwe matundu ya maji na kupuliziwa hewa ya kompresa kikiwa ndani ya ndoo ya maji. Mapovu yakionekana, tatizo ni hapo. Ukiona njia ya EGR ina unyevu au imeoshwa ikawa safi kuliko kawaida, hiyo nayo ni alama, kwani masizi makavu ndiyo yanayotegemewa mahali hapo. Gari la namna hii lisiendelee kufanya kazi huku likiongezwa maji kila asubuhi. Maji yakikusanyika juu ya pistoni usiku, injini inaweza kupinda koni inapowashwa.

Wanaolazimika kununua valvu ya mtumba, iwe Gerezani au kwingineko, waende na ya zamani mkononi na walinganishe namba iliyochapwa, kwa kuwa valvu mbili zinazokaa kwenye boliti zile zile zinaweza kufunguka kwa viwango tofauti. Ile ya vakyumu ifyonze kwa mpira hapo hapo dukani, kijiti kipande na kibaki juu mpaka uachie. Kikirudi chenyewe wakati bado umefyonza, mpira wa ndani umetoboka. Ya umeme haipimiki kwa mdomo, hivyo patana na muuzaji iwe na siku kadhaa za kurudishwa, na aandike hivyo kwenye risiti.